Matanga ya Benedicte

Mtu wa kwanza kutangaza kifo changu nilikuwa mimi mwenyewe. Nilikitangaza Jumanne asubuhi, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za flati za Bugolobi, Kampala, na mzigo wa vitenge begani. Upande wa pili wa simu alikuwa Bwana Wamalwa wa kampuni ya mikopo.

"Naongea na Benedicte?" aliuliza, kama alivyouliza karibu kila siku tangu Pasaka.

Nikabana pua kidogo. "Hapana. Mimi ni dada yake. Benedicte amekufa."

Nyuma yake nilisikia wenzake wakibishana na wadeni wengine, kelele tupu. Kisha akasema polepole, "Pole sana, mama," simu ikakatika. Nikakaa palepale ngazini.

Sitaki mtu anihubirie. Anayeona uongo ule ulikuwa mwepesi hajawahi kuamshwa na simu alfajiri akaambiwa kwamba ujumbe wenye neno MWIZI utatumwa kwa kila mtu aliye kwenye simu yake, kuanzia mchungaji mpaka muuza mkaa. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi hata hiyo harusi sikuiona. Nilikopa kwa programu ya simu ninunue vitenge, na mama mmoja wa ghorofa ya tatu akavichukua vingi kwa ahadi, vya sare za harusi ya mdogo wake. Harusi ikafana, na yeye akahama bila kuaga. Nikakopa kwingine kulipa mkopo wa kwanza, nikakopa kwingine tena kulipa wa pili. Mpaka Pasaka ilipofika, wadai wote walikuwa wameamka pamoja, na kila mmoja alikuwa na nambari yangu.

Utaniuliza kwa nini sikuitupa ile laini. Hapo ndipo penye donda. Nilitoka Beni, Kongo, nikiwa na mimba ya Olivia, na tangu siku alipozaliwa faili letu liko kwenye ofisi ya wakimbizi, jina langu juu na lake chini, tukingoja kuitwa kwa mahojiano ya kwenda Kanada. Hawaandiki barua, wanapiga simu. Na wakipiga wasikupate, wanaendelea na anayefuata. Kwaya yetu ina mama ambaye simu yake ilizama kwenye beseni la nguo wiki ile waliyomtafuta. Watoto wake wameshakuwa watu wazima, naye bado anafulia watu nguo Bugolobi. Hadithi yake kila Mkongo wa mtaani kwetu anaijua, na kila mmoja akiisikia anagusa mfuko kuhakikisha simu yake ipo.

Ofisi hupiga kwa nambari usiyoijua. Wadai pia hupiga kwa nambari usiyoijua. Kwa hiyo kila simu ilipolia, ilikuwa ama Kanada ama Wamalwa, na mimi sikuweza kukosa kupokea. Nilipokea nikiwa sokoni, nikiwa kanisani, nikiwa chooni na mlango nimeufunga ili Olivia asisikie mama yake akiomba. Niliomba sana. Kila mara nilimwambia Wamalwa maneno yaleyale: nipe mpaka Ijumaa. Ijumaa ilifika na kupita, Bwana Wamalwa akapiga tena, akajifanya mara analeta kifurushi, mara ni mchungaji kutoka Jinja, mara ni mteja anayetaka kitenge cha njano. Mpaka nikafika mahali ambapo mtu akiniongelesha kwa heshima ndipo nilipoogopa zaidi.

Basi nikafa, na Jumatano simu haikulia kabisa. Nilipika maharagwe nikayaacha yaive vizuri. Nililala. Olivia aliniuliza mbona naimba, nikamwambia nyamaza ule.

Alhamisi asubuhi, nikikunja vitenge kitandani, simu ikalia. Ilikuwa nambari nisiyoijua.

"Habari ya asubuhi," ilisema sauti ya mwanamke, laini, ya Kaskazini mwa Uganda. "Mimi naomba kuongea na Mama Benedicte."

Naomba! Nilijua Wamalwa amewapa wenzake faili langu, wamemleta mwanamke mpole aje ahakikishe. Nikabana pua. "Benedicte amekufa. Mimi ni dada yake."

"Eh, jamani. Pole sana. Alikufa lini?"

"Juzi."

"Na mtoto? Huyu Olivia Masika, anakaa na nani sasa?"

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Kutukanwa nilizoea, lakini mtoto walikuwa hawajamgusa. Nikaachia pua. "Sikia wewe mwanamke. Ukimtaja mtoto huyo tena, nitakutafuta mpaka nikupate." Nikakata, nikazima simu kabisa, nikafunga mlango kwa kufuli, nikakimbilia shuleni kumchukua Olivia. Kwa mwalimu nilisema tumefiwa. Uongo ukishauanza unakuwa mwepesi ulimini.

Sikujua pa kumpeleka. Mwishowe nilipanda naye boda mpaka bandari ya Port Bell, kwa mama mmoja mteja wangu anayekaanga samaki karibu na pale mabehewa yanapoingizwa kwenye meli. Niliona ni mahali ambapo hakuna anayenijua zaidi ya yeye. Tukakaa kwenye benchi lake. Olivia alifurahia mabehewa, mimi nilitazama kila mwanamume aliyeshuka kwenye boda.

"Unaitwa nani, mrembo?" mama wa samaki alimuuliza, akimwekea kipande kwenye gazeti.

Olivia ni mtoto wa majibu kamili. "Naitwa Olivia Masika."

Samaki aliyekuwa mkononi mwangu akaanguka chini.

Kwetu Wanande msichana wa kwanza ni Masika. Ni jina la nyumbani. Shuleni ameandikwa Olivia Benedicte, kwa jina langu. Kwenye programu za mikopo sikuandika hata kama nina mtoto. Duniani palikuwa na mahali pamoja tu palipoandikwa Olivia na Masika kwa pamoja, na niliyaandika mimi mwenyewe, siku ile ofisi ya wakimbizi iliponiuliza majina ya mtoto wangu.

Nikawasha simu. Vidole vilikuwa vimejaa mafuta, nikakosea mara mbili. Nikapiga ile nambari ya asubuhi, nikaambiwa salio halitoshi. Nikaazima shilingi kwa mama wa samaki nikaweka muda wa maongezi, kampuni ya simu ikaumeza wote, kwa sababu hata huko nilikuwa na deni. Nikacheka. Mama wa samaki alinitazama vibaya, akanipa simu yake. Nambari iliita, ikajibu kwa mashine kwamba haipokei simu.

Niliogopa kuliko nilivyoogopa njia nzima ya kutoka Beni. Wadai wangenichukulia sufuria na godoro. Hili nililofanya lilikuwa linamchukulia Olivia maisha yake yote, na nilikuwa nimelifanya kwa kubana pua. Simu nikaizima tena ili Wamalwa asiniwahi, nikamshika mtoto mkono, tukarudi nyumbani kuchukua kadi yangu ya ukimbizi niwahi ofisi kabla haijafungwa.

Nyimbo nilizisikia kabla ya kuiona nyumba.

Mimi napanga chumba kimoja chini ya zile flati, upande wa viwanda, kwenye uwanja wenye milango mingi inayotazamana. Uwanja ulikuwa umejaa. Viti vya plastiki vya kanisa vilikuwa vimepangwa, wanawake wamekaa kwenye mikeka na vitenge vimefungwa kiunoni, sufuria kubwa ya chai ilikuwa motoni, na katikati kulikuwa na beseni la rambirambi lililofunikwa kitambaa cheupe. Nilijiuliza ni jirani yupi. Nikamgusa mwanamke wa karibu begani.

"Nani amekufa?"

Akageuka, akaniona, akapiga ukelele na kumwaga chai.

Mama Perpétue alifika kabla sijaelewa. Ni kiongozi wa kwaya yetu, mwanamke mrefu, na macho yake yalikuwa yamevimba kwa kulia. Alinishika mashavu, akanishika mikono, akanigeuza kama mtu anayenunua kuku. Kisha akanizaba kofi.

"Wewe ni Benedicte?"

"Njo mimi, Mama Perpétue."

"Mutu alinipigia simu leo asubui, eti wa kampuni. Ananiuliza kama ni kweli ulikufa, na nyumba yako iko wapi. Napiga simu yako, imefungwa. Nakuya hapa, mulango umefungwa. Banasema ulitoka mbio na mutoto. Nikasema ni gari imewagonga. Nilituma vijana, Dady na Guerschom, ku hospitali ya Mulago bakutafute kwa maiti. Mpaka sasa beko kule, banafungua mashuka ya watu."

Nambari ya Mama Perpétue ndiyo niliyoijaza kwenye programu zile, mahali wanapouliza mtu wako wa karibu. Sikuwahi kumwambia. Sasa kwaya nzima ilikuwa imenizunguka, wengine wanalia upya kwa furaha, wengine wameanza kukunja uso, na nilikuwa natafuta neno la kuanzia niliposikia mtu nyuma ya umati.

"Hodi hapa. Poleni sana na msiba. Kwa marehemu Benedicte ndio hapa?"

Sikuhitaji kugeuka. Sauti ile ilikuwa imekaa sikioni mwangu tangu Pasaka.

Nilikuwa nimemjenga kichwani kuwa jitu lenye shingo nene. Alikuwa kijana mwembamba, shati lake limepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi, mkoba kifuani. Yeye naye hakuwahi kuniona. Nikambana Mama Perpétue kiganja kwa nguvu zangu zote. Mama yule alivuka mipaka miwili na watoto wanne, hahitaji kuelezwa hatari mara mbili. Akaniangalia, akamwangalia mgeni, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Karibu, baba. Keti. Ni hapa."

Na kwaya, Mungu awasamehe, ikaelewa ikaanza wimbo. Waliniimbia mimi nikiwa nimekaa katikati yao, kitenge kimenifunika kichwa, Olivia mapajani. Mgeni aliletewa kiti na chai. "Tulikuwa tunaongea na marehemu karibu kila siku," alimwambia mzee aliyeketi kando yake, na hilo halikuwa uongo. Kisha akatoa noti, akanyanyua kile kitambaa cheupe, akaiweka kwenye beseni. Mdai wangu alinichangia matanga. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Samahani," akauliza baadaye, "mazishi ni lini? Na barua ya mwenyekiti wa mtaa, wa LC, mmeshapata? Ofisini wananidai karatasi."

"Bado tunangoja mwili," alisema Mama Perpétue bila kupepesa.

Nilianza kuamini kwamba tutamwondoa. Atakunywa chai yake aende, nami nitakimbia ofisini. Nilikuwa nahesabu mafunda aliyobakiza kwenye kikombe wakati boda iliposimama mlangoni, akashuka mwanamke mwenye kitambulisho shingoni na tableti mkononi. Alivua kofia ya pikipiki akainamisha kichwa kwa heshima ya msiba.

"Poleni," alisema. "Mimi naitwa Adong, natoka ofisi ya wakimbizi. Natafuta mtoto moja, jina yake Olivia Masika. Mama yake alikufa, na mwenye alipokea simu yangu alikata vibaya. Nimekuja kuona mtoto yuko salama. Nani anakaa na yeye?"

Watu wote waliniangalia, kisha wakakumbuka, wakaangalia chini.

Nilihisi kila upande wa mwili wangu unavutwa. Nikikaa kimya, Wamalwa anaondoka na mimi ni maiti halali, na mtoto wangu ni yatima kwenye faili la serikali. Nikisema, naye atanisikia. Olivia aliinua uso kuniangalia, kwa sababu alikuwa amesikia jina lake na hakuelewa kwa nini mama haitiki. Nikafungua kitenge kichwani, nikasimama.

"Yuko na mimi. Mimi ndiye Benedicte. Sikufa."

Kikombe cha Wamalwa kiligonga sahani.

Adong hakufurahi kama nilivyotegemea. Alinitazama usoni, akatazama tableti, akanitazama tena. Picha iliyomo ilipigwa mwaka nilioingia Kampala, nina kichwa kilichonyolewa na mashavu ya njaa. Mtu yule hata mimi simfahamu vizuri.

"Hii sauti naijua," alisema. "Ndiyo ilinipokea leo asubuhi. Ilisema ni ya dada."

"Nilidanganya."

"Sasa hivi au asubuhi?"

"Madame, tunamujua huyu miaka mingi," Mama Perpétue aliingilia. "Njo yeye. Kanisa yote inamujua."

"Mama, kanisa yote nimekuta inaimba nyimbo za maiti. Mmeweka beseni. Huyu kijana mmempa kiti na mmempa chai. Sasa mnasema hakuna maiti?" Hakuwa mkali, na hilo liliniumiza zaidi. "Mimi nimeona hii kazi. Mtu anakufa, ndugu yake anaingia kwa jina yake, anaenda Kanada. Watu wote wanaapa."

"Ni mama yangu," alisema Olivia.

Adong akachuchumaa mbele yake. "Najua unamwita mama. Mama mdogo pia ni mama, si ndiyo?" Na Olivia, ambaye tumemfundisha hivyo, akaitikia kwa kichwa. Nilitaka kulia.

Nikamwambia kuna alama za vidole vyangu ofisini. Akasema za vidole ni idara ingine, zinachukua muda, na wale wa mahojiano wanakuja Jumanne na kuondoka. Yeye leo lazima aandike moja: mama yuko, au mama alikufa. Akiandika alikufa, faili linafungwa, na la yatima linaanzia chini. Alisema haya huku kidole kikiwa tayari juu ya kioo.

Hapo nikamgeukia mtu pekee pale uwanjani ambaye hakuwa ndugu yangu wala rafiki yangu.

"Bwana Wamalwa."

Alishtuka. Hakuwa amemwambia mtu jina lake.

"Wewe unanijua mimi ni nani."

"Mimi," alisema kwa uangalifu, "namjua Benedicte kwa simu tu. Na dada yake pia."

"Wewe ni nani?" Adong akamuuliza.

"Natoka kampuni ya mikopo, madam. Huyu... marehemu ana deni na sisi. Ya muda mrefu."

Mnong'ono ulipita kwenye mikeka. Kanisani wanajua ninavyotoa sadaka na ninavyovaa. Deni hawakulijua. Mama Perpétue alinitazama, na nikaona akiunganisha ile simu ya asubuhi, vile vitenge vilivyopungua begani mwangu, na kile kiganja nilichombana. Sikuwa na pa kuweka uso.

"Fikiri kabla hujasema," Adong alimwambia Wamalwa. "Kama ni yeye, na mahojiano ikienda vizuri, huyu ataondoka Uganda. Wewe na deni yako mtabaki hapa."

Nilimwona akipiga hesabu. Si kosa lake, ndiyo kazi yake. Mkimbizi aliyebaki Kampala unaweza kumpigia simu mpaka azeeke. Aliyepanda ndege amekwenda na pesa yako. Angesema tu "mimi sijui," na hakuna ambaye angemlaumu, na kesho asubuhi angenipigia, na kesho kutwa, na mwaka ujao. Alitazama viatu vyake. Kisha akainua uso.

"Sema yale maneno."

"Maneno gani?"

"Mama, unayajua."

Niliyajua. Nilikuwa nimeyasema chooni, mlango nimeufunga. Sasa mbele yangu palikuwa na kwaya nzima, na majirani wa milango yote, na mtoto wangu ameshika sketi yangu. Nikajaribu kuyasema kwa sauti ya mtu mzima, Wamalwa akatikisa kichwa. "Si hivyo." Na alikuwa sahihi, sivyo nilivyokuwa nayasema. Nikafumba macho.

"Nakuomba, Bwana Wamalwa. Kwa jina la Yesu, usiwaambie watu. Mtoto hajui. Nipe mpaka Ijumaa tu, mimi si mwizi, nipe mpaka Ijumaa."

Sauti ilitoka ileile, nyembamba, ya kutambaa. Nilisikia mwanamke mmoja kwenye mkeka akivuta pumzi. Olivia aliiachia sketi yangu, kisha akaishika tena.

Wamalwa alikuwa amesikiliza naye macho amefumba, kichwa kimeinama upande mmoja, nadhani ndivyo anavyokaa kazini.

"Ni yeye," alimwambia Adong. "Hiyo Ijumaa nimeisikia tangu Pasaka. Dada hawezi kuijua. Andika, madam, mama yuko."

Adong alitutazama kwa zamu muda mrefu. Kisha kidole chake kikaandika. Aliniambia Jumanne asubuhi, na mtoto, na kadi halisi. "Watakuuliza mambo mengi," alisema akivaa kofia yake. "Hata hii ya leo nimeiandika, watakuuliza. Deni si shida yao. Shida yao ni mtu mwenye anasema mambo mawili. Ukishindwa huko, usinilaumu." Boda ikawaka, akaenda.

Nilidhani nitafurahi. Nilibaki nimesimama, jasho linanitiririka mgongoni, nikisikiliza kwaya ikivunja matanga. Viti vilipangwa kimoja juu ya kingine. Mtu akampigia Dady aache kufunua maiti za watu Mulago. Mama Perpétue aliketi mbele ya beseni akarudisha michango, mmoja mmoja, na kila aliyepokea noti yake alipita mbele yangu. Wachache walinishika mkono. Wengi waliangalia pembeni. Alipomaliza, Mama Perpétue mwenyewe akanigeukia.

"Ungeniambia," alisema. "Mimi niko na deni pia. Tungelia wawili."

Noti ya mwisho kwenye beseni ilikuwa ya Wamalwa. Mama Perpétue alimnyooshea. Kijana aliichukua, akaikunjua, akatoa simu yake akaandika kitu.

"Nimekuandikia kama malipo ya kwanza," aliniambia. "Akaunti ikiwa na malipo, hawaipeleki kwa wale wakusanya madeni wabaya. Lakini mimi nitapiga, mama. Hata Kanada nitapiga."

"Piga," nilisema.

Alipoondoka niliwasha simu. Haikukaa hata dakika, ikalia mkononi mwangu, nambari nisiyoijua. Uwanja mzima uligeuka. Inaweza kuwa Adong amesahau kitu. Inaweza kuwa wale wa mkopo wa pili, ambao walikuwa bado hawajasikia kwamba nimefufuka. Ilikuwa vilevile kama kabla sijafa, Kanada au mdai, na Olivia alikuwa ananitazama mdomo kuona nitasema nini.

"Halo," nilisema. "Ndiyo, ni mimi Benedicte. Mama Olivia Masika. Nani mwenzangu?"